Shajara ya Mradi: Barua Pepe Zisizofika Kutoka Mfumo wa Wanafunzi

Alhamisi, 3 Oktoba 2024

Naianza shajara hii leo kwa sababu tatizo limekuwa kubwa mno kubebwa kichwani. Mwishoni mwa Septemba tuliuhamisha mfumo wa wanafunzi kutoka kwenye seva iliyokuwa ndani ya jengo la utawala, tukaupeleka kwenye seva ya kukodi iliyo nje ya chuo. Tangu siku hiyo wanafunzi wapya hawapati barua pepe tatu wanazozihitaji kuliko kitu kingine chochote kipindi hiki: barua ya kuthibitisha kwamba akaunti imefunguliwa, kiungo cha kuweka nenosiri jipya, na barua yenye kumbukumbu namba ya malipo ya ada, ambayo kila mtu hapa huiita kontrolo namba. Bila namba hiyo mwanafunzi hawezi kulipa benki wala kwa simu, asipolipa hasajiliwi, na usajili unafungwa Ijumaa ya tarehe 18.

Saa tatu asubuhi nilikuta foleni nje ya mlango wa kitengo cha TEHAMA. Binti aliyekuwa wa kwanza alisema, "Shikamoo. Mfumo unaniambia imetumwa, lakini mimi sijaona kitu tangu Jumatatu." Nilimwomba anifungulie barua pepe yake kwenye simu, tukapekua pamoja kikasha, folda ya Taka na folda ya matangazo, na hakukuwa na kitu. Nikamwomba aombe tena kontrolo namba mbele yangu. Maandishi ya kijani yakatokea papo hapo kwenye skrini: "Barua pepe imetumwa."

Nimeanza na maandishi hayo ya kijani. Mfumo wetu umeandikwa kwa Laravel, zana ya kujengea programu za tovuti, na nilipofungua faili linaloshughulikia barua nilikuta kwamba amri ya kutuma imezungushiwa kinga: hitilafu yoyote ikitokea inadakwa, inatupwa, na programu inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Nadhani aliyeandika hivyo alitaka kumwepusha mwanafunzi na ukurasa wa makosa usiosomeka, na nia hiyo naielewa. Lakini matokeo yake ni kwamba kwa zaidi ya wiki moja mfumo umekuwa ukiwaambia wanafunzi jambo ambalo haukuwa na njia ya kulijua. Nimebadilisha mambo mawili: hitilafu sasa inaandikwa kwenye logi, yaani daftari la matukio la mfumo, pamoja na saa yake na namba ya ombi, na mwanafunzi anaambiwa waziwazi kwamba barua haikuweza kutumwa na kwamba afike dirisha la mhasibu akapewe namba kwa mkono. Mhasibu amekubali kubeba mzigo huo kwa siku chache.

Kabla ya adhuhuri logi ilikuwa imejaa mstari mmoja unaojirudia, unaosema kwamba muda wa kusubiri muunganisho umekwisha.

Naandika hapa jambo la saa, kwa ajili ya atakayesoma shajara hii baada yangu. Mwanafunzi akisema aliomba kontrolo namba saa nne asubuhi, saa ya ukutani inasoma 10:00, na seva mpya, ambayo imewekwa kwenye saa ya UTC, iliyo nyuma ya yetu kwa saa tatu, imeandika 07:00. Kwa hiyo ombi la saa nne lisitafutwe kwenye mstari wa 04:00 wala wa 10:00. Nimeacha seva kwenye UTC, kwa sababu seva ya barua nayo inaandika hivyo na nitahitaji kuzilinganisha logi zote mbili mstari kwa mstari, lakini nimebandika karatasi yenye hesabu hiyo juu ya meza.

Ijumaa, 4 Oktoba

Chanzo cha kwanza kimepatikana. Seva ya zamani ilikuwa jengo moja na seva ya barua ya chuo, kwenye mtandao uleule wa ndani, na ilikuwa ikiikabidhi barua kupitia poti 25, mmoja wa milango yenye namba ambayo mashine hupokelea mawasiliano, bila nenosiri lolote, kwa kuwa seva ya barua imepangwa kuamini kila mashine ya ndani. Seva mpya iko nje, na kampuni tuliyoikodi imefunga poti 25 kwa barua zote zinazotoka. Kufunga huko ni desturi ya kampuni nyingi za kukodisha seva, kwa sababu seva moja iliyovamiwa na watu wabaya inaweza kumwaga barua taka kwa maelfu ndani ya usiku mmoja na kuichafua sifa ya anwani za IP, yaani namba za utambulisho mtandaoni, za majirani wote.

Jaribio lenyewe lilikuwa fupi. Nikiwa ndani ya seva mpya nilitumia amri ya nc kubisha hodi kwenye seva ya barua, kwanza poti 25, kisha poti 587. Poti 25 ilikaa kimya hadi muda ukaisha. Poti 587 ilijibu kabla ya sekunde moja. Kimya na kukataliwa ni vitu viwili, na inafaa kuvitofautisha mapema. Muunganisho unapokataliwa papo hapo, maana yake mashine ya upande wa pili imefikiwa, ila hakuna programu inayosikiliza kwenye poti hiyo. Kunapokuwa na kimya kirefu, mara nyingi kuna fayawoli, yaani kizuizi cha usalama, mahali fulani njiani inayozimeza pakiti bila kujibu. Kwa kimya kile nilijua kwamba sina haja ya kuigusa seva ya barua yenyewe.

Mhasibu aliniuliza kwa nini kuna poti mbili za kazi moja, nami nikamjibu kwa mfano wa posta. SMTP, utaratibu unaotumiwa kusafirisha barua pepe hadi leo, iliandikwa na Jon Postel katika hati ya RFC 821 ya Agosti 1982, wakati ambapo seva zilikuwa chache na ziliaminiana. Poti 25 ni ile barabara ambayo magari ya posta hupita kutoka ofisi moja ya posta kwenda nyingine, wakati poti 587, iliyotengwa rasmi mwaka 1998, ni dirisha ambalo mteja hufika na barua yake, akaonyesha kitambulisho, kisha barua ikapokelewa. Mfumo wetu ni mteja. Kwa miaka yote hii ulikuwa ukipita mlango wa magari kwa sababu tu ulikuwa ukiishi ndani ya uzio.

Nilibadilisha mipangilio kwenda poti 587 na nikaomba seva ya barua ifunguliwe akaunti maalumu ya mfumo, yenye nenosiri lake. Kisha nikapoteza karibu saa nzima, kwa kuwa kosa lilibaki lilelile la poti 25 ingawa namba hiyo haikuwapo tena kwenye faili la .env, ambamo mipangilio huandikwa. Sababu zilikuwa mbili, moja juu ya nyingine. Laravel huweza kuhifadhi nakala ya mipangilio ili isome haraka, na nakala hiyo isipofutwa kwa amri ya config:clear, mabadiliko ya faili hayaonekani. Zaidi ya hapo, barua zetu hazitumwi na ukurasa wenyewe. Huwekwa kwenye foleni, na kuna programu nyingine ya pembeni inayozichukua moja baada ya nyingine. Programu hiyo husoma mipangilio mara moja tu, inapoanza, kisha huishi nayo. Ilikuwa imeanzishwa siku ya kuhama na ilikuwa bado inaishi siku hiyo. Nilipoipa amri ya queue:restart na kuianzisha upya, kosa lilibadilika mara moja, na kosa likibadilika kazi imesogea.

Kosa jipya lilikuwa namba 535: jina au nenosiri halikubaliki. Nililijaribu nenosiri hilohilo kwa mkono kutoka kwenye kompyuta yangu, likakubalika. Nikalinakili tena, nikalilinganisha herufi kwa herufi, na lilikuwa sawa. Mwishowe nilifanya jambo ambalo ningelifanya mwanzo: niliuliza mfumo wenyewe unaliona nenosiri hilo lina herufi ngapi. Nenosiri lilikuwa na herufi 18. Mfumo ukajibu 7. Herufi ya nane ilikuwa alama ya reli, ile #, na katika faili la .env alama hiyo huanzisha maelezo ya mwandishi, kwa hiyo kila kilichofuata kilichukuliwa kuwa maelezo na kuachwa. Nenosiri likizungushiwa alama za kunukuu linasomwa lote. Nilizungushia, nikafuta nakala ya mipangilio, nikaanzisha upya programu ya foleni, na 535 ikaondoka.

Jumatatu, 7 Oktoba

Asubuhi niliwasha usimbaji wa muunganisho, na kosa likawa la cheti, hati inayothibitisha kwamba seva ndiyo yenyewe: jina lililo kwenye cheti cha seva ya barua halikufanana na anwani ambayo mfumo ulikuwa ukiipigia, kwa sababu mipangilio ya zamani ilitumia anwani ya IP ya ndani, nami nikaweka ya nje bila kufikiri zaidi. Ushauri unaopatikana kila mahali ni kuzima uhakiki wa cheti kwa mstari mmoja. Sikuuzima. Kupitia njia hiyo yanapita nenosiri la akaunti ya barua na viungo vya kufungulia akaunti za wanafunzi, na uhakiki ukizimwa mfumo utamkabidhi vitu hivyo yeyote atakayejidai kuwa seva yetu. Niliandika jina kamili la seva badala ya IP, ikawa imekwisha kwa dakika tano.

Saa sita mchana barua ya kwanza ilipokelewa na seva ya barua kwa jibu la 250, na sekunde chache baadaye ilikuwa kwenye kikasha changu cha chuo. Mama Msajili alikuwa amesimama nyuma yangu, akauliza kama sasa awatangazie wanafunzi. Nilimwomba anisubiri nijaribu na anwani za Gmail, maana karibu wanafunzi wote wanatumia hizo na hakuna hata mmoja wao mwenye anwani ya chuo kabla ya kusajiliwa. Nilituma tano. Mfumo ulipata 250 kwa zote tano. Hadi jioni haikufika hata moja.

Jumanne, 8 Oktoba

Jibu la 250 linasema tu kwamba seva iliyo mbele yangu imeipokea barua na kuchukua dhamana yake. Halisemi lolote kuhusu seva inayofuata. Mfumo uliikabidhi barua kwa seva ya barua, ukashukuru na kuondoka. Seva ya barua ndiyo iliyokwenda kubisha hodi Gmail, na huko ndiko ilikofungiwa mlango, baada ya mfumo kuwa umekwisha kuandika kwamba kazi imekamilika. Jibu la Gmail lilikuwa kwenye logi ya seva ya barua peke yake: 550 5.7.26, yaani barua imekataliwa kwa sababu mtumaji hakuthibitika.

Kulikuwa na swali la pili lililonisumbua: barua inapokataliwa, seva ya barua hulazimika kumrudishia mtumaji taarifa. Taarifa hizo zilikuwa wapi? Mfumo ulikuwa ukituma kwa jina la "usijibu" kwenye kikoa kidogo cha mfumo, yaani jina la mtandaoni lililo chini ya jina kuu la chuo, na sanduku la jina hilo halijawahi kufunguliwa. Ni kama kuandika nyuma ya bahasha S.L.P. ya sanduku lisilokuwepo: barua ikikwama, posta haina pa kuirudisha. Majibu ya wazi kutoka kwa seva za watu yalikuwa yakipotea namna hiyo. Nimefungua sanduku la marejesho, na nimejipangia kulisoma kila asubuhi.

Sasa kuhusu kutothibitika. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo wamekaza masharti: kila anayetuma kwenye akaunti zao za kawaida anapaswa awe na angalau uthibitisho mmoja kati ya SPF, orodha ya seva zinazoruhusiwa kutuma, na DKIM, sahihi ya kidijitali juu ya barua, na, kwa hesabu ya Google, anayepeleka barua 5,000 au zaidi kwa siku anapaswa kuwa navyo vyote viwili pamoja na DMARC, sera inayomwambia mpokeaji afanye nini na barua isiyothibitika. Sisi hatufiki 5,000 hata siku ya usajili, lakini hata hilo sharti dogo tulikuwa hatulitimizi, na tulikuwa tunaamini tunalitimiza.

SPF ni rekodi ya maandishi inayowekwa kwenye DNS ya kikoa, ile orodha ya wazi ambamo mashine za nje husoma taarifa zake, na kutaja seva zinazoruhusiwa kutuma barua kwa jina la kikoa hicho. Kikoa kikuu cha chuo kina rekodi hiyo. Kikoa kidogo cha mfumo hakina, na SPF hairithiwi: rekodi ya mzazi haimsemei mtoto. Kwenye mtandao wa zamani mfumo ulikuwa ukituma kwa kikoa kikuu. Wakati wa kuhama mtu alibadilisha jina la mtumaji lifanane na anwani mpya ya tovuti, badiliko ambalo lilionekana la usafi tu.

Nilirudisha jina la mtumaji kwenye kikoa kikuu, nikadhani nimemaliza. Barua ya majaribio ikakataliwa tena. Nilipoiuliza DNS rekodi za kikoa kikuu, zilitoka mbili za SPF, moja ikitaja seva yetu ya barua na nyingine ikitaja huduma ya nje ambayo chuo kiliwahi kuitumia na kuiacha. Kanuni inaruhusu rekodi moja tu ya SPF kwa kikoa. Zikiwa mbili, mpokeaji hachagui iliyo bora bali anahesabu kwamba zote zina kasoro ya kudumu. Kwa hiyo huenda barua za walimu wetu nazo zimekuwa zikipita kwa bahati kwa muda ambao siwezi kuukadiria. Nimeifuta ile ya huduma iliyoachwa. Muda wa kuhifadhiwa kwa rekodi hizo umewekwa sekunde 86,400, yaani saa 24, kwa hiyo seva za nje zinaweza kuendelea kuiona ya zamani hadi kesho jioni, na hakuna ninachoweza kufanya kuharakisha.

Jumatano, 9 Oktoba

Nimetumia siku ya kusubiri kuweka DKIM. SPF huitazama seva inayoleta barua, lakini DKIM huitazama barua yenyewe: seva yetu inaitia sahihi kwa ufunguo wa siri, na mpokeaji anaihakiki kwa ufunguo wa wazi anaoukuta kwenye DNS yetu. Faida yake ni kwamba mwanafunzi aliyepanga barua zake zipelekwe kutoka anwani moja hadi nyingine bado atapokea barua yenye sahihi halali, ingawa seva iliyoileta mwishoni si yetu na SPF peke yake ingeshindwa.

Nilitengeneza ufunguo wa biti 2,048, nikabandika ule wa wazi kwenye ukurasa wa kusimamia DNS, ukurasa ukakubali bila neno. Uhakiki ukashindwa, tena kwa kosa la sahihi isiyosomeka. Hapa nilikaa hadi saa kumi na mbili jioni. Nilibadilisha jina la ufunguo, nikaangalia saa ya seva, nikatengeneza ufunguo mwingine, na hali ikawa ileile. Kilichonifumbua macho ni mwisho wa rekodi. Ufunguo wa wazi wa ukubwa huo huishia na herufi AQAB. Rekodi niliyoiona DNS ilipojibu iliishia na herufi nyingine kabisa, katikati ya maandishi. Nikahesabu: herufi 255 kamili.

Kipande kimoja cha maandishi katika rekodi ya DNS hakiwezi kuzidi herufi 255. Ufunguo wa biti 2,048 una herufi 392, kabla hata ya kuhesabu maneno ya utangulizi, kwa hiyo lazima ukatwe vipande viwili, kila kimoja ndani ya alama zake za kunukuu, ndani ya rekodi moja. Kurasa nyingine za usimamizi hukata zenyewe. Hii ya kwetu ilichukua herufi 255 za kwanza na kuzitupa zilizobaki bila kutoa onyo. Nimeubandika upya kwa vipande viwili na nimeomba rekodi isomwe na DNS tatu tofauti za nje; zote zinaishia na AQAB.

Ijumaa, 11 Oktoba

Saa nne kasorobo asubuhi, barua ya kontrolo namba ilifika kwenye Gmail ya mwanafunzi aliyekuwa dirishani, ndani ya kikasha chenyewe, si Taka. Nilimwomba ruhusa, tukaifungua pamoja kwenye kompyuta yangu na kuchagua kuonyesha barua ilivyo asili. SPF imepita. DKIM imepita. DMARC imepita nayo, maana jana niliweka rekodi yake kwa sera ya kutazama tu bila kuzuia, na nikataja anwani ya kupokelea ripoti. Nimeandika majibu hayo matatu hapa kwa sababu ni mara ya kwanza tangu mradi uanze kupata neno la aliyepokea, baada ya siku nane za kusikiliza aliyetuma.

Mama Msajili amewatangazia wanafunzi kwamba maombi mapya yanafanya kazi. Ya zamani bado.

Jumatatu, 14 Oktoba

Leo ni Siku ya Nyerere na ofisi zimefungwa, nami nimeitumia kuitazama foleni. Kuna barua 1,860 zilizokwama tangu siku ya kuhama, na pendekezo la kwanza la wenzangu lilikuwa kuziachia zote usiku huu ili wanafunzi waamke nazo. Nimekataa, kwa sababu mbili.

Viungo vya nenosiri katika mfumo wetu hufa baada ya dakika 60. Barua zaidi ya nusu kwenye foleni ni za viungo hivyo, na kila kimoja kilikufa siku nyingi zilizopita. Mwanafunzi aliyeomba mara sita angepokea barua sita, angebofya kila moja, na kila moja ingemwambia kwamba muda umekwisha, kisha angerudi mlangoni kwetu akiwa na haki ya kukasirika. Hizo nimezifuta zote.

Sababu ya pili ni sifa ya seva yetu, ambayo ndiyo kwanza imethibitika. Seva iliyotuma barua chache kwa siku ikianza ghafla kumwaga mamia kwa dakika, wapokeaji wakubwa huishuku na kuanza kujibu 421, yaani njoo baadaye, na jibu hilo likipuuzwa mambo huwa mabaya zaidi. Barua za kontrolo namba zilizobaki, 704 baada ya kuondoa zilizojirudia, nimezipanga zitoke mia moja kwa saa kuanzia kesho asubuhi, na mhasibu atazipitia kwanza aondoe za waliokwisha kulipa kwa namba walizopewa dirishani.

Nimeondoa pia udhaifu uliokuwa ukisubiri kutuangusha: programu ya foleni ilikuwa imeanzishwa kwa mkono na mtu mmoja, na seva ikizimika kidogo tu haifufuki. Sasa inasimamiwa na mfumo wa seva wenyewe na huanzishwa upya inapokufa. Niliiua mara tatu kwa makusudi, na mara zote ilirudi.

Jumanne, 15 Oktoba

Barua zinatoka kwa mwendo uliopangwa, bila 421 hata moja. Sanduku la marejesho nalo limeanza kusema. Barua 61 zimerudi kwa 550 5.1.1, yaani mtu huyo hayupo, au kwa sababu kikoa chenyewe hakipo. Nilizisoma zote. Nyingi ni za vidole vilivyoteleza: gmial.com, gmail.con, nukta iliyosahauliwa. Hizo tunazirekebisha kwa kuwapigia simu wenyewe, kwa kuwa kukisia anwani ya mtu na kumpelekea namba yake ya malipo si jambo la kufanya.

Lakini lililonishughulisha zaidi halikuwa kwenye zilizorudi. Nilipopanga orodha kwa anwani, niliona anwani moja imeandikwa kwa wanafunzi 37. Barua zao zote zilifika salama. Ni anwani ya mwenye stationari iliyo karibu na stendi, ambako vijana wengi wasio na kompyuta walijaziwa fomu za maombi. Nilimpigia. Alinijibu kwa upole, "Kaka, hao watoto walikuja hapa hawana imeili, na fomu haiendi mbele bila imeili. Ningefanyaje?" Namwamini. Hata hivyo, leo hii mtu mmoja ambaye chuo hakimjui anapokea kontrolo namba za wanafunzi 37, na akitaka anaweza kuomba viungo vya nenosiri na kuingia kwenye akaunti zao zote, akaona matokeo yao na taarifa za familia zao. Tulijenga fomu inayolazimisha anwani bila kuuliza kama ni ya mwombaji, na yeye aliijaza kama tulivyoitaka. Hili ni kosa la muundo, na ni letu.

Nimesimamisha utumaji wa viungo vya nenosiri kwa akaunti hizo 37, na Mama Msajili amewaita wenyewe.

Jumatano, 16 Oktoba

Wamefika 29. Tumekaa nao kwenye maabara ya kompyuta, kila mmoja akafungua anwani yake mwenyewe kwenye simu yake au ya maabara, kisha mfumo ukampelekea namba ya tarakimu sita ambayo aliiandika palepale kuthibitisha kwamba anwani ni yake na inafika. Hatua hiyo ya kuthibitisha nimeiandika jana usiku, na kuanzia leo inamhusu kila anayejisajili: hakuna barua yenye kontrolo namba au kiungo itakayokwenda kwenye anwani ambayo mwenyewe hajaithibitisha. Kwa kijana mmoja namba ilichukua karibu dakika nne kufika. Tulikaa kimya tukiitazama simu yake, na ilipolia aliiinua juu waione wenzake.

Wanane waliobaki wako mbali. Watathibitisha kwa simu kupitia ofisi ya msajili.

Ijumaa, 18 Oktoba

Usajili umefungwa saa kumi jioni. Foleni haina barua iliyokwama, marejesho ya leo ni mawili, yote ya anwani zilizokosewa, na wenye anwani hizo wamekwisha kupigiwa. Mhasibu amerudisha daftari la kontrolo namba za mkono kabatini.

Ripoti za DMARC zimeanza kuja kutoka Google, faili moja kwa siku, zikitaja kila anwani ya IP iliyotuma barua kwa jina la kikoa chetu. Nilitarajia kuona moja. Ya jana ina mbili. Ya pili ilituma barua 14, zote zikashindwa SPF na DKIM. Fikra ya kwanza ilikuwa kwamba kuna mtu anajifanya sisi, lakini nilipoifuatilia IP hiyo niligundua kuwa ni ya seva ya kukodi yenye mfumo wa maktaba, unaowakumbusha wasomaji kurudisha vitabu. Haumo kwenye orodha yetu ya SPF, hautii sahihi, na ninavyoona hakuna aliyewahi kulalamika kwa kukosa kumbusho la kitabu. Nimezungumza na mkutubi. Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi nitakuwa maktaba, na nitaanza kwa kuangalia mfumo wao unamwambia nini msomaji pale barua inaposhindwa kutoka.